Kumsindikiza Sista Konsuelo Hadi Manyoni

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye ananiuliza swali lilelile: Sista aliondoka salama? Nikijibu kwamba aliondoka salama, mtu haridhiki. Anataka kujua kwa nini tulichelewa, kwa nini nilirudi na tope hadi kwenye kola, na kama ni kweli kwamba mimi, mwalimu wa kisomo cha watu wazima, nilisafiri njia nzima nikimfundisha Mzungu lugha ya kwao. Ni kweli. Nimeona afadhali niandike yote mara moja, mpokezane karatasi, nami nipate kunywa uji wangu bila kuhojiwa. Habari za tiketi na vibali sitazigusa, maana zilikuwa ndefu na hazina utamu.

Kwa wenzangu wa mbali wasiomjua: Sista Konsuelo ni mkunga wa misheni, Mhispania, na ndiye aliyewazalisha karibu mama zetu wote upande wa Mtinko. Alikuja akiwa kijana, zamani za Mwingereza, na hakuwahi kurudi kwao hata mara moja. Mimi naitwa Konsuelo kwa ajili yake, na si mimi peke yangu. Ukiita Konsuelo siku ya mnada, wanageuka wanaume na wanawake kwa pamoja.

Mtinko hadi Singida mjini

Siku chache kabla ya safari Sista alituma niitwe. Nilimkuta kwenye benchi la zahanati, mapajani ana kitabu cha watoto chenye picha, jalada la nyuma limeliwa na mchwa. Nilimwamkia, akaitikia, akasogea nikae. Akaniambia kwamba dada yake mkubwa, Pilar, ndiye ndugu pekee aliyembakia, na sasa amekuwa kipofu. Wakubwa wa shirika walikuwa wamemruhusu aende kukaa naye. Nikampa pole kwa habari ya dada na hongera kwa ruhusa, lakini uso wake haukuwa wa mtu wa kupongezwa.

"Pilar haoni tena," alisema. "Atanijua kwa sauti tu. Na mimi nikifungua mdomo kinatoka Kinyaturu. Atadhani wamemletea mtu mwingine."

Sikuamini kwamba mtu anaweza kupoteza lugha aliyonyonya nayo. Akanieleza. Masista wenzake walikuwa wa mataifa mengine, mezani walielewana kwa Kiswahili, kazini alikuwa na Kinyaturu, na Mhispania mwenzake hakuwahi kukanyaga Mtinko. Akisoma bado alielewa. Akitaka kusema, neno lilimjia limevaa mavazi ya huku. Nyumba kwao ni casa, na yeye alipotaka kusema nyumba ndogo alijikuta ametamka kikasa, na zikiwa nyingi, makasa. Alicheka alipoyasema hayo, kisha akaacha kucheka. Akanikabidhi kitabu, akaniomba nimfundishe kama ninavyowafundisha wazee wa kisomo, nimuulize kila siku ya njia mpaka garimoshi lije.

Siku ya kuondoka zahanati ilijaa akina mama hata Landrova ya misheni ikakosa pa kugeuzia. Mama yangu aliniletea kuku wa kuchemsha amemfunga kwenye kitambaa. Sista alikuwa upande wa pili wa gari akiagana na watu, na hapo mama akaniambia kwa sauti kubwa, "Nenda salama, poyito." Poyito ni neno ambalo akina mama wa kwetu humwambia mtoto mchanga. Mtu mwenye masharubu hastahili kuitwa hivyo hadharani, nami nilipanda gari upesi.

Kutoka Mtinko hadi mjini si mbali, lakini tulisimamishwa njiani kila palipo na nyumba. Mmoja alileta mayai, mwingine mtama, mwingine alileta mtoto atazamwe jicho. Kufika mjini, springi ya gari ikavunjika karibu na soko, na dereva akatuambia kwa upole kwamba misheni imetufikisha hapo ilipoweza.

Singida mjini

Tulisubiri usafiri katika hoteli moja ya chai karibu na stendi. Upepo wa Singida mnaujua, ulikuwa ukiingiza vumbi mlangoni na kulitoa dirishani. Tukaagiza chai na mandazi, tukafungua kitabu.

Niwaeleze kidogo somo lenyewe, maana mmeniuliza. Kihispania kinasomeka kama kilivyoandikwa, irabu ni zilezile zetu, ila herufi h inakaa tu pale bila kazi, na l zikiwa mbili husomwa kama y. Sasa, kwao kila kitu ni cha kiume au cha kike. Si watu na mifugo peke yao. Kitabu, libro, ni mwanamume. Meza, mesa, ni mwanamke. Nilimuuliza Sista meza ilifanya nini hata ikawa mwanamke, akasema hakuna aliyejua, ilizaliwa hivyo. Unatazama mkia wa neno: likiishia na o, mara nyingi ni la kiume, likiishia na a, ni la kike. Vikiwa vingi, unabandika s mwishoni: libros, mesas. Sisi mambo haya tunayafanya kichwani mwa neno, kitabu na vitabu, jumba na majumba. Wao wanayafanya miguuni. Ni kama sisi tunalivalisha neno kofia na wao wanalivalisha viatu.

Shida ya Sista ilikuwa hapo kwenye viatu. Kwa miaka mingi ya "yeye" mmoja wa wote, hakuwa na haja ya kujali kama anayesemwa ni mume au mke. Kinywa chake kilikuwa kimewafanya watu wote kuwa wanaume, pamoja na meza, nyumba na Pilar mwenyewe. Nilikuwa nikisema neno, yeye analirudia, kisha analisema kwa wingi. Alipokosea, nilirudia bila kumgombeza, kama ninavyofanya kwa wazee.

Baada ya muda niliona hoteli imetulia. Mwenye hoteli alikuwa amezima redio, mzee mmoja amevua kofia, na mama wa meza ya jirani ameinamisha kichwa. Walidhani tunasali. Ukisikiliza vizuri, kweli ilifanana na litania: mimi naanza, Sista anaitikia. Nikafikiria kuwaeleza kwamba tunataja samani, nikaona haya, tukamaliza ukurasa ule kwa heshima.

Ni hapo hapo nilipopata habari ambayo baadhi yenu mmekwisha kuisikia na mnaicheka. Nilimwambia Sista kwamba sasa nimeielewa kanuni, na kwamba jina Konsuelo, kwa kuwa linaishia na o, bila shaka ni la kiume. Akanitazama kama anavyomtazama mgonjwa kabla ya kumpa majibu.

"Ni la kike," alisema. "Neno lenyewe maana yake faraja, na faraja kwetu ni ya kiume. Lakini anayeitwa hivyo ni mwanamke."

Nikamuuliza mbona hakuwaambia wazazi wetu. Akajibu kwamba walikuja na furaha kumwambia wamempa mtoto jina lake, naye hakuona mahali pa kuingizia masahihisho. Akaongeza kwamba kuna maneno mengine ya namna hiyo, wakaidi. Mkono, mano, unaishia na o na ni wa kike. Siku, día, inaishia na a na ni ya kiume. Basi nimo katika kundi la mkono. Endeleeni kucheka.

Singida hadi Ikungi

Usafiri tulioupata ulikuwa lori la vitunguu la Bwana Shabani, mtu wa Ikungi, mwenye tumbo la kutosha na subira ya kutosha. Sista alipewa nafasi mbele, akaikataa, akataka kukaa nyuma na mimi ili somo lisikatike. Shabani alimbembeleza sana. Mwisho wake Sista alikaa juu ya magunia, ameegemea turubai, na nafasi ya mbele akapewa mzee mmoja mwenye jipu aliyeipokea bila kubembelezwa.

Siku hiyo tulifundishana ukubwa na udogo. Kitu kikiwa kidogo, au ukikipenda, unachomeka ito au ita kabla neno halijaisha: librito, mesita. Kikiwa kikubwa unakipa ón au ona: casa, casita, casona, yaani nyumba, kijumba, jumba. Hapa kuna tofauti moja ambayo Sista aliitaka niielewe. Sisi tukimdogosha mtu, mara nyingi tunamdharau. Ukisema "kile kijitu" umetukana. Kwao kudogosha ni kubembeleza. Unamdogosha unayempenda, unadogosha hata mkate ulio mtamu. Na kukubwisha kuna visa vyake. Kijiko, cuchara, ni mwanamke. Kikikua kikawa upawa, cucharón, kinageuka mwanaume. Nilisema kwamba huo ni utaratibu wa ajabu, Sista akasema na kuzaliwa Konsuelo mwenye masharubu ni ajabu pia.

Abiria wenzetu juu ya vitunguu walikuwa wanasikiliza. Kwa siku mbili hizo nilikuwa nimeshaizoea heshima ya wanaotusikiliza, lakini hawa walizidi. Nikisema casa, Sista akaitikia casita, casona, mama mmoja nyuma yetu akamalizia "Amina," na wengine wakamfuata. Tukafika hivyo mpaka Ikungi, samani zote za Uhispania zimebarikiwa.

Ikungi ilikuwa siku ya soko. Tulikula kwa mama mmoja aliyekuwa na ugali wa uwele, mlenda na kipande cha kuku. Sista, katika kujikumbusha, akaunyooshea kidole upawa uliokuwa sufuriani na kusema "cucharón." Yule mama alielewa kwamba Sista analalamika kupunjwa, akaomba radhi, akammwagia mlenda mwingine. Sista akasema hapana, hapana, akinyoosha kidole tena, na akaongezewa tena. Alikula wote. Hakuwa mtu wa kurudisha chakula.

Jioni ile alikosea mno. Alichanganya kiume na kike, akasahau wingi, na kile kikasa kikarudi. Akafunga kitabu mwenyewe. Alisema kwamba labda ingekuwa hisani zaidi kwa Pilar kubaki na dada wa kwenye kumbukumbu kuliko kuletewa mgeni anayegugumia. Wakati anatoka kwao, alikuwa bado na jina lake la ubatizo, na Konsuelo alipewa utawani. Hata jina analoitwa sasa Pilar hakulizoea. Nilimwambia tutajaribu tena kesho. Ndivyo ninavyowaambia wazee, na kwa wazee huwa naamini. Safari hii sikuamini, na nilimwonea huruma sana.

Kijiji kisicho na jina

Kupita Ikungi mvua ilikuwa imetangulia. Lori lilizama kwenye mbuga yenye udongo mweusi, magurudumu ya nyuma yakapotea kabisa, na Shabani akashuka, akalizunguka, akasema "Haya," akakaa kivulini mwa lori lake.

Karibu na hapo palikuwa na kijiji kipya cha ujamaa. Watu wa vitongoji viwili walikuwa wamehamishiwa hapo pamoja, nyumba nyingine zimeezekwa, nyingine zina fito tu, na walikuwa hawajakubaliana jina. Wa huku walitaka jina la kwao, wa kule la kwao, kwa hiyo ukiuliza hapa ni wapi, jibu lilikuwa "Hapa." Mwenyekiti alikuja, akatusalimu vizuri, akatazama lori na kusema watu wake watalisukuma bila malipo, lakini baada ya kazi ya shamba la pamoja. Kanuni hiyo walikuwa wameipitisha wiki ileile na ilikuwa ndiyo kanuni pekee waliyokubaliana wote, asingeweza kuivunja. Nilimweleza habari ya garimoshi. Alisikitika kwa dhati na hakubadilisha kitu.

Tukiwa tumekaa hapo, akaja mama mtu mzima anakimbia, kanga imefungwa kiunoni. Nilimtambua. Alikuwa mtu wa Mtinko, Mama Elizabeti, ambaye huyo binti yake Elizabeti ameolewa upande ule. Alikuwa amekuja kumwangalia binti anayekaribia kujifungua, na uchungu ulikuwa umeanza tangu alfajiri. Mtu wa shambani alikuwa amempelekea habari kwamba juu ya vitunguu kuna Sista. Hakuamini, akaja kujionea. Alipomwona alipiga magoti palepale kwenye tope, naye Sista akawa ameshashuka na kukunja mikono ya gauni kabla mama hajasimama.

Mimi nilikaa nje ya nyumba na mume wa Elizabeti, mtu mkimya aliyekuwa akichonga mpini wa jembe. Aliuchonga mpaka ukawa mwembamba kama mwiko, sikutaka kumwambia. Ndani sauti ya Sista ilikuwa ile tuijuayo, Kinyaturu kifupi cha amri: vuta pumzi, ngoja, sasa. Saa zilikwenda. Jua lilipokuwa karibu utosini, mtoto akalia.

Ndipo nikasikia sauti nyingine. Nilidhani ameingia mtu. Ilikuwa sauti laini, ya haraka, inayoteremka kama maji kwenye jiwe, haijikwai popote: pollita, pollitita, chiquitita, na mengine mengi, yote mikia yake ni ile ita, ita, ita. Nilisimama. Alikuwa Sista. Kwa safari yote sikuwa nimemsikia akisema maneno mawili ya lugha yake bila kusimama katikati, na sasa alikuwa anamwambia binti mchanga maneno lukuki, yote ya kike, yote madogo, bila kosa hata moja.

Kisha Mama Elizabeti akatokea mlangoni, uso umelowa, akamwita mjukuu wake mkubwa aliyekuwa akicheza na majivu.

"Poyito, njoo umwone poyita," alimwambia. Akamwinua, akageuka naye ndani, na nikamsikia akisema, "Poyitosi wangu hawa, Mungu awakuze."

Kiume, kike, wingi. Nilikuwa nimebeba kitabu kwapani siku zote hizo, nami nimeitwa poyito tangu nizaliwe, na sikuwahi kuvikutanisha viwili hivyo.

Sista alipotoka kunawa nilimwambia nilichosikia. Alidhani namtania. Hakukumbuka kwamba alisema chochote. Nikamrudishia maneno yenyewe, kadiri nilivyoyakamata. Akaacha maji yamwagike. Akamwita Mama Elizabeti na kumuuliza, kwa Kinyaturu, hilo neno poyita walilipata wapi.

Mama Elizabeti alishangaa swali. "Kwako, Sista," alijibu. "Si unawaambia wote wakizaliwa? Sisi tulijua ni sehemu ya uzazi."

Akaendelea kueleza, na alieleza kama mtu anayethibitisha kwamba hakuacha maagizo. Wa kiume anaambiwa poyito, wa kike poyita, mapacha poyitosi. Walikuwa hawachanganyi, kwa sababu dawa haichanganywi. Hata wakunga wa vijiji vya mbali ambako Sista hakufika walipewa neno hilo na wenzao, na mtoto akizaliwa asipoambiwa, bibi yake huulizia. Shabani, aliyekuwa amekuja kuomba moto wa kuwashia sigara, akadakia kwamba hata kwao Ikungi ni hivyo. Mtoto anaadhiniwa kwanza, halafu bibi anamwambia poyito. Yeye alidhani ni neno la Kinyiramba.

"Na mimi nilidhani ni la Kinyaturu," alisema Sista.

Akaketi kwenye kigoda. Nilikuwa sijawahi kumwona akiketi mtu akiwa bado anahitaji maji ya moto. Alisema maana yake ni kifaranga. Mama yao alikufa yeye Sista akiwa hajui hata kutembea, akalelewa na Pilar, na Pilar alikuwa akifuga kuku. Hakumwita kwa jina la ubatizo hata siku moja. Alimwita pollita, kifaranga changu, mpaka siku ya kumpandisha meli. Sista alilia, si sana, akajipangusa kwa kiwiko kwa kuwa viganja vilikuwa na sabuni, akarudi ndani.

Wanakijiji walitoka shambani, wakalisukuma lori wakiimba. Mwenyekiti alisema kwamba mtoto yule ndiye wa kwanza kuzaliwa hapo, kwa hiyo jina lake lijadiliwe na mkutano. Mume wa Elizabeti, ambaye nilikuwa sijamsikia akisema kitu siku nzima, alisema jina limeshapatikana, ni Konsuelo. Hakuna aliyepinga. Nadhani safari hii jina hilo limemwangukia anayestahili.

Manyoni

Tulifika Manyoni tumechelewa kwa kila hesabu, na garimoshi la kutoka Tabora lilikuwa limechelewa kutuzidi. Stesheni ilikuwa imejaa watu wa Itigi na Mitundu waliokuja na madebe ya asali, kuku na vyandarua, wengine wamelala juu ya mizigo kwa utulivu wa watu waliozoea. Tukanunua mihogo ya kukaanga, tukakaa kwenye ukingo wa jukwaa.

Nilifungua kitabu kwa mazoea. Sista alikifunga na kukisukuma kwangu, akasema nikae nacho. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya mwanafunzi, aanze kwa kumwambia nini Pilar. Tangu kijijini alikuwa amejaribu kulisema lile neno kwa makusudi na likatoka kama la kitabuni, baridi. Alikuwa bado anaogopa.

Hapo ndipo nilipofanya kazi yangu ya ualimu, kwa safari nzima naihesabu hiyo tu.

"Ukiwa na kitabu unakosea, Sista," nilimwambia. "Ukiwa na mtoto mikononi hukosei. Ukifika usianze kusema. Mshike kwanza."

Alitazama mikono yake, ambayo mnaijua, myekundu na yenye mipasuko ya dawa za kuoshea. Akaifungua na kuifumba.

"La mano," alisema taratibu. "Ya kike. Hii sikuikosea."

Garimoshi lilipoingia, watu wa asali walituzidi nguvu, na Sista akaingizwa behewani kwa kusukumwa zaidi kuliko kupanda. Alitokea dirishani. Hatukusema maneno ya maana. Aliniagiza nimwambie nesi abadilishe maji ya kuchemshia mikasi, na kwamba mtoto wa yule mama wa jicho arudishwe baada ya wiki. Nikasema ndiyo. Lilipoanza kutembea nilimpa mkono, akaushika, na akasema jambo kwa lugha yake, refu kidogo, lenye mikia ya kiume. Sikulielewa lote. Nililia, na nalisema mwenyewe kwa sababu Shabani aliniona, na mdomo wa Shabani mnaujua.

Kurudi

Njia ya kurudi haina mengi. Shabani alirudi na chumvi badala ya vitunguu, tukazama palepale mbugani, na safari hii tulifika baada ya saa za shamba, tukasukumwa mara moja. Kijiji kilikuwa bado hakina jina. Tope la kwenye kola ni la hapo.

Nilifika nyumbani alasiri. Mama alikuwa kibarazani anapepeta uwele, vifaranga wanazunguka ungo. Alitaka habari kabla hata sijatua mzigo, nami nikampa zote: kitabu, Amina za juu ya lori, Mama Elizabeti, asili ya neno. Aliposikia kwamba poyito ni kifaranga alitazama vifaranga wake, akacheka mpaka akaweka ungo chini. Halafu nikamwambia habari ya upofu wa Pilar, na jinsi Sista alivyoondoka na hofu kwamba hatatambuliwa.

Mama hakucheka tena. Alipuliza makapi, akawa kama anayefikiri kama jambo hilo linafaa kuambiwa mwanaume.

"Siku ya kukuzaa wewe nami sikuwa naona kitu," alisema. "Maumivu yalinifunga macho. Sikujua kama ni mchana, sikujua kama uko hai. Kisha nikamsikia anakuambia poyito, nikajua nyote mpo. Atamtambua."

Akaokota ungo wake. Akaniambia, poyito, chota maji unawe, ugali unapoa.